Hili bomba la Hoima mpaka Tanga, tunagombania nini hasa?

Ukitaka kuharibu safari ya kamunye, hii teksi yetu ya abiria, kutoka Hoima mpaka Kampala, we taja tu EACOP, hili bomba la kupeleka mafuta ghafi ya Uganda mpaka bandari ya Tanga, Tanzania. Wa mbele atasema wazungu hawataki kuona Mwafrika anatajirika. Wa nyuma atasema kibanja cha shangazi yake kilichukuliwa kwa bei ya mbuzi. Kijana wa chuo ataanza mambo ya joto la dunia, na dereva yeye ana swali moja tu, petroli itashuka lini? Kelele mpaka Kiboga. Na ukisikiliza vizuri unagundua hawa watu hata hawabishani, kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Basi nimeona nijaribu kulifungua hili fundo kwa Kiswahili, maana huku Ziwa Albert Kiswahili ndo kinatuunganisha, Mgungu, Mwaluri, Mnyoro na Mkongo anayevuka na samaki wake, lakini karatasi nyingi za huu mradi ni Kiingereza cha mawakili na mwenye shamba anaambiwa tu weka kidole hapa.

Tuanze na bomba lenyewe. Mwaka 2006 ndo ilijulikana wazi kwamba chini ya bonde la Ziwa Albert kuna mafuta ya kuuzika. Hesabu inayotajwa mpaka leo ni mapipa kama bilioni 6.5 yaliyolala ardhini, lakini yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4, mengine yatabaki hukohuko kwenye mwamba. Wanasiasa wanapenda hiyo 6.5, we shika 1.4. Yanachimbwa sehemu mbili. Kuna Tilenga, Buliisa na Nwoya, ambapo mwendeshaji ni TotalEnergies ya Ufaransa na baadhi ya visima viko ndani kabisa ya mbuga ya Murchison Falls. Alafu kuna Kingfisher, Kikuube, pale ufukoni, ambayo wanaiendesha CNOOC wa China. Tilenga inategemewa kutoa mapipa 190,000 kwa siku, Kingfisher 40,000. Yote yanakutana Kabaale, Hoima, na hapo bomba linaanza safari ya kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, Tanga, baharini. Kilomita 296 ziko kwetu Uganda, zinapita wilaya 10, na zilizobaki 1,147 ziko Tanzania.

Mwenye bomba ni nani? Hapa wengi wanashangaa. TotalEnergies ana asilimia 62, kampuni yetu ya mafuta ya taifa UNOC ana 15, TPDC, shirika la mafuta la Tanzania, 15, na CNOOC 8. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kwa sauti kubwa "bomba letu", mkumbushe kwa upole kwamba letu ni 15 kwa 100.

Kitu kingine, hili si bomba la kawaida. Mafuta yetu yana nta nyingi, ukiyaacha kwenye joto la kawaida yanaganda kama Kimbo asubuhi ya baridi Kabale. Ndo maana bomba lazima lipashwe moto njia nzima, mafuta yabaki juu ya nyuzi 50, linavikwa tabaka la kuzuia joto, linazikwa ardhini na lina nyaya za umeme za kulitia moto. Ndo bomba refu kuliko yote duniani la aina hiyo. Umeme wa kupasha kilomita 1,443 si wa kuchezea, na hiyo ni moja ya sababu gharama imepanda mpaka zaidi ya dola bilioni 5, wakati mwanzoni tuliambiwa kama bilioni 3.5.

Sasa dereva wetu, tumjibu haraka ili aendeshe. Petroli haitashuka kwa sababu ya bomba. Bomba linabeba mafuta ghafi kwenda kuuzwa nje, halileti petroli ndani. Petroli unayoweka kwenye kamunye itaendelea kuja kutoka nje kama kawaida, na tangu 2024 UNOC ndo anaagiza yote akishirikiana na Vitol, kampuni ya nje ya biashara ya mafuta. Cha kusaidia hapo labda ni kile kiwanda cha kusafisha mafuta kinachopangwa hapohapo Kabaale, cha mapipa 60,000 kwa siku. Hicho kimekuwa kama harusi isiyopata bwana harusi, wawekezaji wamekuja wakaondoka, mpaka Machi 2025 serikali ikasaini na kampuni ya Falme za Kiarabu inaitwa Alpha MBM, wao wabebe asilimia 60 na UNOC 40. Nakumbuka Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba kwa sababu ya vipimo vya korona na petroli ikafika shilingi 10,000 lita moja sehemu zingine, watu wakaanza kusema subirini bomba likija haya yataisha. Hapana jamani. Bomba likijaa leo, lori likikwama Malaba kesho, bado utapiga foleni na jerikeni yako.

Na kwa nini Tanga, si Lamu au Mombasa? Mwanzoni mpango ulikuwa kupita Kenya, tuungane na mafuta yao ya Turkana. Lakini 2016 Uganda ikageukia Tanzania. Kaskazini mwa Kenya kulikuwa na wasiwasi wa usalama, ardhi ya Kenya ni ghali na ina migogoro, na Total wenyewe walipenda Tanga. Ada ya kupitisha mafuta kwenye bomba iliyokubaliwa mwishowe ni dola 12.77 kwa kila pipa linalosafirishwa. Ishike hiyo namba, tutairudia.

Pia kuna tofauti moja ya sheria ambayo watu hawaisemi. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 237, inasema ardhi ni mali ya wananchi. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndo mdhamini wake, we una haki ya kuitumia. Sasa ukijiuliza mbona kilomita 296 za kwetu zina kelele kuliko kilomita 1,147 za wenzetu, jibu moja ni hilo, huku kila mtu anaamini kipande chake ni chake mpaka kaburi la babu yake, na katiba inamuunga mkono. Si jibu lote, lakini ni moja.

Twende kwa yule wa mbele, wa "wazungu hawataki". Huyu msimchekeni, ana hoja. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kukosoa mradi, likataka kazi isimamishwe mwaka mmoja watafute njia nyingine ya bomba, likataja watu zaidi ya 100,000 kuwa hatarini kuhamishwa. Azimio hilo halina nguvu ya kisheria kwetu, lakini Kampala palichemka. Naibu Spika Thomas Tayebwa akaita ule ni ukoloni mamboleo, Rais Museveni akasema Total wakiwasikiliza hao tutatafuta mwingine wa kufanya naye kazi. Na miezi michache baadae, Januari 2023, Ujerumani wakabomoa kijiji cha Lützerath ili wachimbe makaa ya mawe, polisi wakiburuta vijana kwenye matope, na Septemba ya mwaka huohuo wa 2023 Uingereza ikaruhusu eneo jipya la mafuta la Rosebank kule baharini. Yani mtu anakula nyama akikwambia we usile, meno yataoza. Hiyo hasira mimi naielewa kabisa.

Ila hasira hiyo imekuwa kama blanketi. Ukimuuliza kiongozi mbona mama fulani wa Buliisa hajalipwa, anakujibu habari za Ulaya. Mama wa Buliisa hana habari na Ulaya, hajawahi hata kuona pasipoti. Anauliza habari ya migomba yake.

Kijana wa chuo naye tumpe dakika zake. Hoja yake kwanza ni moshi. Wanaopinga wanasema mafuta ya bomba hili yakichomwa yote yatatoa kama tani milioni 34 za hewa ya ukaa kwa mwaka wakati uzalishaji uko juu. Kampuni wanapinga hesabu hiyo, wanasema wao wahesabiwe moshi wa kuchimba na kusafirisha, si wa gari linaloyachoma Rotterdam. Kwa hiyo wakirushiana namba mbili tofauti sana usidhani mmoja amedanganya, wanapima vitu viwili. Na bila kuzunguka, Uganda mchango wetu kwenye moshi wa dunia ni kiduchu mno, lakini mafuriko ya Kasese na maporomoko ya Bududa hayaulizi nani alichoma nini. Yote mawili ni kweli na yanakaa kichwa kimoja vizuri tu.

Hoja yake ya pili mimi ndo inaninyima usingizi zaidi, maji. Bomba linapita mamia ya kilomita ndani ya bonde la Ziwa Victoria, ziwa ambalo watu kama milioni 40 wanalitegemea. Linapita Kagera, na Kagera Septemba 2016 ilipigwa na tetemeko la 5.9, Bukoba nyumba zikalala chini. Wahandisi wanasema kuna vali za kufunga, kuna waya wa kugundua mtikisiko, mafuta yenye nta yakimwagika yanaganda hayakimbii mbali kama maji. Huenda. Mimi nasema tu kwamba samaki wa Ziwa Albert na Victoria hawana mahali pa kuhamia.

Na tembo wa Murchison je? Watu wa Buliisa wanalalamika kwamba tangu mitambo ianze kutikisa ardhi tembo wanatoka mbugani wanaingia mashambani kuliko zamani. Kampuni haikubali kwamba ni wao. Anayelala nje anapiga debe usiku kucha kulinda mihogo hajali nani ameshinda hiyo hoja.

Haya, sasa shangazi. Hapa nitakaa, maana ndo kiini na ndo sehemu inayoelezwa vibaya kuliko zote.

Utaratibu ulikuwa hivi. Wanakuja wapima na wathamini, wanatembea kwenye mstari wa upana wa mita 30, wanahesabu kila kitu kilichomo, mihogo, migomba, mwembe, choo, boma, kaburi. Unapigwa picha na vitu vyako, unasaini, LC1, mwenyekiti wa kijiji, anasaini. Kuanzia siku hiyo unakuwa PAP, mtu aliyeguswa na mradi, na neno hilo limeingia vijijini mpaka bibi asiyejua Kiingereza hata kidogo anakwambia mimi ni PAP. Wakimaliza kuhesabu wanatangaza katofu deti, tarehe ambayo baada yake chochote utakachoongeza hakilipwi. Kwa bomba upande wa Uganda hesabu zilifungwa 2019.

Alafu kimya. Wengi walisubiri miaka mitatu mpaka mitano.

Sasa fikiria mkulima wa kahawa Kyotera au Lwengo. 2019 anaambiwa usipande mazao ya muda mrefu kwenye mstari. Kampuni wanasema waliruhusu mazao ya msimu, maharage, mahindi, na karatasi zao zinasema hivo. Wanakijiji wengi walichosikia ni usiguse. Iwe nani yuko sawa, kahawa huchukua kama miaka mitatu kuzaa, mtu hawezi kupanda mpya, ya zamani anaogopa kuitunza kwa gharama, na nyumba hawezi kuongeza hata chumba kwa ajili ya watoto. Bei iliyoandikwa ni ya 2019. Alafu inakuja 2023, 2024, bei ya kahawa inapaa mpaka watu wanalala shambani na panga kulinda wezi, na bei ya ardhi nayo inapanda kwa sababu hiyohiyo ya mradi, wenye pesa kutoka Kampala wamekuja kununua. Sheria inaweka asilimia 15 ya usumbufu juu ya fidia, inakuwa 30 kama notisi ya kuhama ni chini ya miezi sita, na kampuni wanasema waliongeza kitu pia kwa ajili ya kuchelewa. Lakini we chukua pesa ya bei ya 2019 uende kununua ekari hiyohiyo 2023 uone muuzaji anavyokucheka. Katiba kifungu cha 26 inasema fidia iwe ya haki, ya kutosha, na ilipwe haraka kabla mtu hajatolewa. Neno "haraka" hapo ndo ugomvi wenyewe. Haraka ya nani?

Na sijataja vibanja bado. Ukitoka Bunyoro ukaingia upande wa Mubende na Gomba unakuta ardhi ya mailo, mwenye hati ni mmoja na mwenye kibanja anayelima ni mwingine, kwa hiyo fidia inagawanywa na hapo familia zinajua kuchinjana. Buliisa nako malisho mengi ni ya ukoo, hakuna hati, sasa anayesaini ni nani, mzee wa ukoo, au kaka mkubwa anayekaa Kampala aliyepotea miaka kumi na akatokea siku ya pesa? Sheria inataka mke akubali pia, na akaunti ya benki, wakati mwingine ya pamoja. Baadhi ya kesi za kuchelewa kwa kweli si kampuni wala serikali, ni sisi kwa sisi. Hilo nalo lisemwe.

Ile namba ya watu zaidi ya 100,000 inatoka wapi, na mbona kampuni wanaikataa? Kampuni wanasema kwa Tilenga na bomba lote, Uganda na Tanzania, kaya zilizoguswa ni kama 19,000 na nyumba za kuishi zilizohamishwa ni 775 tu. Wapinzani wanachukua kaya zote wanahesabu na watu waliomo ndani, baba, mama, watoto, bibi, unafika laki na zaidi. Unaona? Kama hujapoteza nyumba ila umepoteza ukanda wa mita 30 unaokata shamba katikati na kukuachia vipande viwili visivyolimika vizuri, kwenye hesabu moja upo na kwenye nyingine haupo. Hakuna aliyetunga, ila kila upande unachagua namba inayompendeza alafu sisi tunarushiana.

Na kuna tukio moja ambalo naona lilifanya watu wengi waliokuwa kimya waanze kunung'unika. Kaya 42 za Tilenga zilikataa bei au zilikuwa na mvutano nyingine. Serikali ikaenda Mahakama Kuu Hoima tarehe 4 Desemba 2023, ikaomba iweke pesa zao mahakamani na watu waondolewe. Tarehe 8 Desemba uamuzi umetoka, serikali imeshinda. Siku nne! Nyie mnaojua kesi za ardhi Uganda hii, mtu anafungua kesi ana nywele nyeusi anaimaliza mjukuu wake. Siku nne. Kisheria kuna hoja, kwamba mradi wa taifa hauwezi kusimamishwa na wachache na pesa zao ziko salama. Ila ukiambiwa kulipwa kwako ni miaka minne na kutolewa kwako ni siku nne, utasikia nini moyoni?

Hofu hii haikuanza na bomba pia. 2012 serikali ilichukua vijiji 13 vya Kabaale kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta, watu zaidi ya 7,000. Waliochagua pesa walilipwa kwa mafungu, waliochagua kujengewa nyumba walikaa miaka mpaka 2017 ndo wakaingia Kyakaboga, walikojengewa. Kiwanda chenyewe mpaka leo hakijasimama. Kwa hiyo jirani wa hao watu alipoona wapima wa bomba wanakuja na kofia zao, alikuwa na mfano hai wa kujifunzia.

Lakini sikiliza, watu wengi wa njia ya bomba niliokaa nao hawasemi mafuta yabaki ardhini. Wanasema nilipwe vizuri, nilipwe mapema, mwanangu apate kazi. Huyo si mpinzani wa mradi. Ila akisimama kudai anawekwa fungu moja na kijana wa chuo mwenye bango la kusimamisha bomba, na wote wawili wanawekwa fungu moja na Bunge la Ulaya. Hapo ndo maandamano yanapoharibikia.

Maana maandamano yenyewe Uganda yanaenda hivi. Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa Kampala wakienda ofisi za Umoja wa Ulaya na ombi lao, wakapelekwa gereza la Luzira, kosa ni kuleta kero kwa umma, na kesi ikavutwa tarehe baada ya tarehe zaidi ya mwaka. Agosti 2024 basi zilizobeba wanafunzi zikasimamishwa kabla hata hawajaandamana, wakakamatwa karibu 50 pamoja na madereva. Aprili 2025 wengine 11 walikamatwa nje ya benki ya KCB Kampala. Hiyo "kero kwa umma" ni kosa dogo sana kwenye vitabu, mara nyingi kesi haifiki popote, kazi yake ni kukuweka ndani wiki kadhaa na kukufanya uripoti mahakamani kila mwezi mpaka uchoke na mitihani ikupite. Kuna sheria ya mikusanyiko ya 2013 pia, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu chake cha 8 mwaka 2020, kile kilichowapa polisi mamlaka ya kuzuia, lakini barabarani usingejua kama kilifutwa. Juni 2024 mwanaharakati mmoja anayefuatilia mambo ya Kingfisher alichukuliwa Kampala na watu waliovaa kiraia, akapatikana siku kadhaa baadae ametupwa kando ya barabara Kyenjojo. Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa siku moja, likiwemo AFIEGO linalosaidia watu wa fidia.

Hapo serikali inajibu kwamba hao vijana wanalipwa na wageni. Kwamba mashirika mengi yanapata pesa nje ni kweli, hakuna siri, hata hospitali zetu na barabara zetu zinapata pesa nje. Na bomba lenyewe, kwani asilimia 62 ni ya nani?

Na tusidhani ni sisi tu tunaogombana. Kanada waliamua kupanua bomba lao la Trans Mountain kutoka mapipa 300,000 kwa siku mpaka 890,000. Mwenye kampuni alipoona vurugu na kesi zimezidi akataka kujitoa, 2018 serikali ikalinunua dola za Kanada bilioni 4.5, ikamalizia kwa bilioni kama 34, mafuta yakaanza kupita Mei 2024. Watu walikamatwa wengi kule Burnaby, hata wabunge wawili. Ila tofauti ni kwamba wenyeji wa asili walishinda kesi moja kubwa 2018, mahakama ikasema hawakushauriwa ipasavyo na kazi ikasimama mpaka wakashauriwa upya. Bomba lilijengwa mwishowe, lakini kuna mtu alilazimika kurudi kukaa chini na kusikiliza.

Kwetu mahakama zimeenda vingine. Mashirika yalifungua kesi kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki Arusha 2020, Novemba 2023 ikatupwa kwa sababu walichelewa kuifungua, hoja zenyewe hazikusikilizwa. Paris nako mashirika yaliishtaki Total 2019 kwa sheria ya Ufaransa ya kampuni kuwajibika na madhara ya miradi yake, Februari 2023 ikakataliwa kwa mambo ya utaratibu, Juni hiyohiyo Waganda 26 wakarudi na kesi nyingine, safari hii wanadai fidia. Kwa hiyo mtu akikwambia "mahakama zimeshasema bomba ni safi", muulize mahakama gani ilisikiliza ushahidi wa shamba.

Silaha iliyouma kweli ilikuwa benki. Wanakampeni walizunguka dunia nzima wakiziambia zisikopeshe, na benki kubwa nyingi za Ulaya na Marekani zikasema hazimo. Mradi ukayumba kwenye pesa miaka, wenye hisa wakawa wanatoa mfukoni, mpaka Machi 2025 fungu la kwanza la mkopo likatangazwa, Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic Uganda, KCB Uganda na shirika moja la Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Ndo sababu vijana wakahamia milangoni kwa benki badala ya ofisi za Ulaya. Wengine wanaona huo ni ushindi wa Afrika kujitegemea. Mimi naona pia kwamba mkopo ukiharibika, hasara sasa iko karibu zaidi na nyumbani.

Na pesa za mafuta zikija? Turudi kwenye ile 12.77. Pipa likiuzwa tuseme dola 60, unatoa kwanza hiyo ya bomba zinabaki 47 na kidogo, alafu kampuni zinarudisha gharama zao za kuchimba, ndo kinachobaki kinagawanywa. Mrabaha nao, sheria ya fedha ya 2015 inasema serikali kuu ibaki na asilimia 94, wilaya za eneo la mafuta zigawane 6, na tawala za kijadi zipate 1 kutoka kwenye ile 94 ya serikali kuu. Ufalme wa Bunyoro wanalia na hiyo moja kila siku. Alafu kuna kumbukumbu ya ile "handisheki ya rais", shilingi bilioni 6 walizogawana maafisa 42 baada ya serikali kushinda kesi ya kodi ya mafuta London, mambo yakafumuka 2017. Pipa hata moja halijatoka ardhini watu wameshapeana mikono.

Mafuta ya kwanza tuliahidiwa 2020, ikawa 2025, ikawa 2026. Ukipiga hesabu ya mapipa 230,000 kwa siku, ile bilioni 1.4 ni kama miaka 17 ukienda kwa kasi ya juu, kwa kuwa kasi inashuka wanasema 20 mpaka 25. Hapo kuna swali moja ambalo kwenye kamunye sijawahi kulisikia. Sheria za mafuta za 2013 zinataka kuwe na mfuko wa kufunga shughuli, wa kung'oa mitambo na kusafisha. Lakini ule ukanda wa mita 30 ulinunuliwa, si kukodishwa kwa shangazi. Mtoto aliyezaliwa kijijini ile wiki ya katofu deti ya 2019 atakuwa mtu mzima wa miaka 30 hivi bomba likipoa. Atauliza kipande cha bibi kinarudi au hakirudi, na karatasi aliyowekea bibi kidole iko kwenye faili Kampala, kwa Kiingereza.